Nauli ya Mgonjwa Isiwe Chambo

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumezoea kuitumia sokoni, tukimwonya mnunuzi dhidi ya mchuuzi mwenye maneno mengi kuliko bidhaa. Leo nataka kuipeleka mahali ambapo wengi wasingetarajia kuikuta: kando ya kiti cha mgonjwa wa figo, katika chumba cha kusafishia damu. Huko nako, ndugu msomaji, kumezuka soko. Na kinachogombewa katika soko hilo si dawa wala mashine, bali ni mgonjwa mwenyewe.

Sina ugomvi na ushindani. Vituo viwili vikishindana kwa usafi wa maji, kwa ustadi wa wauguzi na kwa uangalifu wa madaktari, anayefaidika ni mgonjwa. Ninaoulalamikia ni ushindani wa aina nyingine, unaofanana na ule wa makanga wanapogombea abiria kituoni. Huyu anamvuta abiria mkono, yule amekwisha kunyakua mzigo wake, na hakuna hata mmoja anayemwambia kwamba breki za gari ni mbovu. Kituo kimoja humwahidi mgonjwa nauli. Cha pili humwongezea pakiti ya unga. Cha tatu humlipa wakala anayezungukazunguka nje ya hospitali akitafuta wenye figo zilizofeli. Hoja yangu ni moja tu. Zawadi hizo hazitoki mfukoni mwa mwenye kituo. Hutoka katika saa, maji na vichujio ambavyo mgonjwa huyo alistahili kupata. Kwa maneno mengine, mgonjwa hununuliwa kwa mali yake mwenyewe.

Ili tuelewane, hebu kwanza tuitazame kazi yenyewe. Figo zenye afya husafisha damu usiku na mchana, saa 168 kwa wiki, bila likizo. Zinapokufa, mara nyingi kwa sababu ya kisukari au shinikizo la damu, kazi hiyo hukabidhiwa mashine. Damu hutolewa mwilini kwa mrija, hupitishwa katika kichujio chenye nyuzi nyembamba mno, uchafu na maji ya ziada huondolewa, kisha damu hurudishwa. Kipimo kilichozoeleka duniani ni vipindi vitatu kwa wiki, kila kimoja saa nne. Hapa Kenya, Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, yaani NHIF, ilikuwa ikilipia vipindi viwili kwa wiki. Mgonjwa wa vipindi viwili basi huishi kwa saa 8 badala ya 168. Kwa mtu kama huyo dakika moja si kitu cha kuchezea.

Historia ya mashine hii ina funzo lake. Aliyeiunda ya kwanza iliyofanya kazi kwa binadamu ni daktari Mholanzi, Willem Kolff, mnamo 1943, wakati nchi yake ilipokuwa mikononi mwa majeshi ya Ujerumani. Alitumia selofeni iliyotengenezewa kufungia soseji. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa. Wa kwanza kupona aliponea mikononi mwake mwaka wa 1945. Baada ya vita Kolff alizigawa mashine zake bure kwa hospitali za nchi nyingine ili madaktari wenzake wajifunze. Naam, chombo hiki kiliingia duniani kama hidaya.

Kilikuwa, hata hivyo, chombo cha wachache. Baada ya Belding Scribner wa Seattle, Marekani, kubuni mwaka wa 1960 njia ya kuunganisha mshipa na mashine mara kwa mara, wagonjwa wa kudumu walianza kuishi miaka badala ya siku. Lakini viti vilikuwa haba kiasi kwamba kamati ya raia wa kawaida iliundwa mjini humo kuamua nani apate kiti na nani aachwe. Kilio kilichofuata kilichangia sheria ya 1972, iliyoifanya serikali ya Marekani kuwalipia karibu wagonjwa wote wa figo zilizofeli. Lilikuwa tendo la huruma. Lakini penye malipo ya uhakika hapakosi wafanyabiashara, na tangu hapo kila mgonjwa akawa na bei inayojulikana.

Nasi tumeipitia njia iyo hiyo, ingawa tumechelewa. Kuanzia 2015 serikali yetu ilikodi vifaa vya matibabu kwa ajili ya hospitali za kaunti, zikiwemo mashine za kusafisha damu, na bima ya taifa ikaanza kulipia huduma hiyo kwa shilingi 9,500 kila kipindi. Vituo vya kibinafsi navyo viliongezeka. Tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF ilipoipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kiwango kilichotangazwa kilikuwa shilingi 10,650. Hatua hizi ziliokoa maisha ya watu ambao zamani wangeuza ng'ombe, kisha shamba, kisha wakazikwa. Nazisifu bila kusita.

Sasa wanafunzi na wachukue kalamu. Vipindi viwili kwa wiki, kwa wiki 52, ni vipindi 104. Zidisha kwa 10,650. Utapata shilingi 1,107,600 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Bei hiyo haipandi wala haishuki kulingana na ubora wa huduma. Kituo hakiwezi kumvutia mgonjwa kwa kupunguza bei, maana si yeye anayelipa. Kimebakiwa na njia mbili: kuboresha huduma au kutoa vishawishi. Ubora ni ghali, na mgonjwa hauoni kwa macho. Pakiti ya unga ni rahisi, na huonekana hata na jirani. Je, mfanyabiashara asiye na haya atachagua ipi?

Ninaye jirani, mwalimu mstaafu wa hisabati, ambaye amekuwa akisafishwa damu kwa miaka kadhaa. Aliwahi kuhama kituo alichokizoea akaenda kingine, ambacho sitakitaja, kwa kuwa huko alikuwa akipewa shilingi 500 kila alipofika. Nilipomuuliza, "Mwalimu, mbona umehama?" alinitazama kwa utulivu ule wa mtu aliyezoea kusubiri darasa linyamaze. "Mwanangu," akasema, "kule nilikuwa na huduma, huku nina nauli. Na bila nauli, huduma ningeifikiaje?" Sikuwa na jibu la haraka. Mwenye njaa hana miiko, na pensheni ya mwalimu twaijua ilivyo.

Lakini mwalimu ni mwalimu. Alikuwa na daftari la mistari, akaligawa safu kama rejista: tarehe, saa ya kuunganishwa, saa ya kutolewa, uzito kabla na uzito baada. Tulilipitia pamoja. Katika vipindi 24 vya miezi mitatu hapakuwa na hata kimoja kilichotimia saa nne. Vingi vilikomea saa tatu. Alipouliza sababu aliambiwa kwamba damu yake ilikuwa "imeshatakata". Wakati huohuo miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, na usiku alilala ameegemea mito mitatu ili apate pumzi. Damu ilikuwa imetakata kinywani mwa msemaji tu.

Tukapiga hesabu, yeye akiniongoza kama mwanafunzi wake. Saa moja iliyopunguzwa katika kila kipindi ni saa mbili kwa wiki, yaani saa 104 kwa mwaka. Gawanya kwa nne. Ni vipindi 26 vilivyolipiwa na umma na ambavyo yeye hangevipata. Kwa bei ya leo hizo ni shilingi 276,900. Na zawadi? Shilingi 500 mara 104 ni shilingi 52,000. "Wananipa tano kwa mkono mmoja," mwalimu akasema, "na kwa mkono wa pili wananitoa zaidi ya ishirini na tano." Sijapata kusikia maelezo bora zaidi ya jambo hili, wala hayakutoka kwa mtaalamu wa uchumi.

Kwa nini kituo kifupishe muda? Kwa sababu mashine inayomhudumia kila mtu saa nne itawahudumia watatu katika saa 12. Ikiwapa saa tatu tatu, itawahudumia wanne. Kadiri wagonjwa walionaswa kwa vishawishi wanavyoongezeka, ndivyo haja ya kuwaharakisha inavyozidi. Na maji ambayo yangetolewa mwilini polepole hunyofolewa kwa pupa: shinikizo la damu huporomoka, misuli hukakamaa, mgonjwa huona kizunguzungu, na moyo, ambao tayari umechoka, huumizwa kila wiki.

Muda angalau waweza kuhesabiwa kwa saa ya ukutani. Mengine hayaonekani kabisa. Chukua maji. Mashine hutumia takriban nusu lita ya maji ya dawa kila dakika, hivyo kipindi cha saa nne hutumia lita 120. Maji hayo hutenganishwa na damu na utando mwembamba tu. Hayapiti tumboni ambako mwili ungejitetea. Klorini iliyoachwa humo hupasua chembe nyekundu za damu. Bakteria na sumu zake huleta homa na baridi kali. Kubadilisha vichujio vya mtambo wa maji na kuyapima maji hayo mara kwa mara ni gharama kubwa, na hakuna mgonjwa anayehamia kituo kwa kuwa alipenda tangi lake.

Mwaka wa 1996, katika mji wa Caruaru, kaskazini mashariki mwa Brazili, kituo kimoja kilipelekewa maji yasiyosafishwa ipasavyo kutoka bwawa lililokuwa na sumu ya mwani. Wagonjwa wapatao 100 walipata maradhi makali ya ini. Kufikia mwisho wa mwaka huo vifo 52 vilikuwa vimehusishwa moja kwa moja na sumu hiyo. Sisemi kwamba chanzo cha msiba ule kilikuwa kugombea wagonjwa; la hasha. Nasema kwamba unatuonyesha ni nini kilicho hatarini pale mtu anapoamua kuokoa pesa mahali ambapo mgonjwa hawezi kuchungulia. Aidha, kuna vichujio vya kutumiwa mara moja vinavyoweza kurudiwa, na kuna maradhi ya ini ya aina ya B yanayoweza kuhama kutoka mgonjwa hadi mgonjwa iwapo usafi utalegezwa na mashine zisitengwe.

Asidhani mtu kwamba haya ni maradhi ya nchi maskini. Mnamo Oktoba 2014 kampuni ya DaVita, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za usafishaji damu nchini Marekani, ilikubali kulipa dola milioni 350 ili kumaliza madai ya serikali kwamba ilikuwa ikiwanufaisha madaktari ili wawaelekeze wagonjwa kwenye vituo vyake. Serikali ilidai kwamba madaktari waliuziwa hisa za vituo kwa bei ya chini, na hisa zao zikanunuliwa kwa bei ya juu. Yalikuwa madai, wala hayakufikia hukumu ya mahakama. Lakini dola milioni 350 si nauli ya matatu. Kabla ya hapo, mwaka wa 2002, jarida la kitabibu JAMA lilikuwa limechapisha uchambuzi ulioongozwa na P. J. Devereaux wa Kanada. Ulipolinganisha vituo vya Marekani, ulipata kwamba katika vile vinavyotafuta faida hatari ya kufa ilikuwa juu kwa asilimia 8 kuliko katika visivyotafuta faida.

Haki inanidai niseme upande wa pili. Takwimu hizo hazimaanishi kwamba kila kituo cha kibinafsi ni pango la wezi. Hapa kwetu, mashine za hospitali ya umma zinapoharibika, au wahudumu wanapogoma, ni vituo vya kibinafsi na vya makanisa ambavyo huwapokea wagonjwa. Wapo wauguzi humo wanaofanya kazi kwa moyo ambao pesa haiwezi kuununua. Tena wenye vituo wana hoja moja nzito: mgonjwa asiye na nauli hukosa kipindi, na anayekosa vipindi hufa. Kumpa nauli, wanasema, ni kuokoa maisha. Ni nani atakayethubutu kupinga?

Mimi sipingi nauli. Napinga mkono unaoitoa. Msaada na chambo hufanana kwa sura, lakini waweza kuvitenganisha kwa swali moja: je, mgonjwa akihamia kituo kingine, ataendelea kukipata kile anachopewa? Ikiwa ataendelea, huo ni msaada. Ikiwa atakatiwa siku hiyohiyo, basi ni chambo, na kila mvuvi anajua kwamba chambo hakitupwi majini kwa kuwahurumia samaki. Mwalimu alirudi katika kituo chake cha zamani pale wanafunzi aliowafundisha walipochanga na kuunda mfuko mdogo wa nauli yake. Mfuko huo haumuulizi anaenda wapi. Lakini haikuwa rahisi. Kituo alichokuwa akikihama kilimzungusha wiki mbili kabla ya kumpa nakala ya vipimo vyake, kana kwamba damu iliyopimwa haikuwa yake.

Liko pia jambo ambalo halisemwi sana. Kituo kinachopata zaidi ya milioni moja kwa mwaka kwa kila mgonjwa hakina haraka ya kumweleza kwamba kuna upandikizaji wa figo, au kwamba kuna njia ya kusafisha damu nyumbani kwa kutumia utando wa tumbo. Mgonjwa bora kwa biashara ni yule asiyepona na asiyehama. Daktari mwaminifu atamweleza yote. Lakini daktari anayepokea chochote kwa kila mgonjwa anayemleta amefungwa mdomo kwa uzi wa dhahabu. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Na katika vita hivi nyasi zina fistula mkononi.

Tufanyeje basi? Kwanza, nauli ya mgonjwa maskini itolewe kwa uwazi na kaunti au na bima yenyewe, kwa kiwango kimoja, hata akitibiwa wapi. Hapo chambo kitapoteza ladha. Pili, zawadi za kuvutia wagonjwa na malipo kwa mawakala vikatazwe kabisa, na adhabu imwangukie mtoaji. Kumwadhibu mgonjwa aliyepokea unga ni kumpiga aliyekwisha kuanguka. Tatu, kila mgonjwa apewe vipimo vyake bila kuombaomba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zinazomhusu. Nne, mgonjwa aelezwe njia zote za matibabu na daktari asiye na hisa katika kituo.

Tano, na hili ndilo muhimu kuliko yote, ubora usioonekana ufanywe uonekane. Saa halisi za kila kipindi, matokeo ya kupima maji, idadi ya maambukizi na kiwango cha damu kusafika vibandikwe ukutani na vitangazwe. Marekani, baada ya kuumwa na nyoka huyu, ilianza mwaka wa 2012 kuvikata malipo, hadi asilimia 2, vituo visivyofikia viwango, na kila kituo hutakiwa kubandika cheti cha alama zake pale wagonjwa wanapoweza kukisoma. Nasi twaweza kufanya hivyo, kwa sharti moja ambalo walimu mnalijua kuliko mimi: mtahiniwa asijisahihishie mtihani wake. Tumeona katika mitihani ya taifa jinsi tamaa ya alama inavyozaa udanganyifu. Vipimo vya kituo na vikaguliwe na mtu wa nje, tena anayefika bila kupiga hodi wiki moja kabla.

Kwenu walimu na wanafunzi nina ombi ambalo halihitaji bajeti. Katika shule zenu wapo watoto ambao mzazi wao yuko katika kiti kile mara mbili kwa wiki. Mfundisheni mtoto huyo kuchora rejista ya safu nne na kumwandikia mzazi wake: aliunganishwa saa ngapi, alitolewa saa ngapi, alikuwa na uzito gani alipoingia na alipotoka. Wale wa kidato cha nne wanaoota kuwa wauguzi na madaktari waelezwe mapema kwamba siku moja bahasha itasukumwa mezani kwao, na kwamba bahasha hiyo itakuwa na saa za mtu ndani yake. Wote kwa pamoja wafundishwe kupima shinikizo la damu na sukari kabla figo hazijalia, maana mgonjwa ambaye hakuugua ndiye pekee ambaye soko hili haliwezi kumnunua.

Kizuri chajiuza, walisema. Ndiyo, lakini kitajiuza tu pale mnunuzi anapowezeshwa kukiona. Tuwashe taa katika vyumba vile, tuhesabu saa na tupime maji. Ndipo vituo vitakaposhindana kwa yale yanayomrefushia mgonjwa maisha, naye ataenda kwenye kiti chake kwa nauli isiyomdai kitu.